Kutoa upepo kwenye breki za pikipiki ukiwa peke yako

Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wawili. Mdogo wangu anakaa kwenye pikipiki, mimi nimechuchumaa kwenye gurudumu la mbele na spana mkononi. "Bana!" "Nimebana." "Shikilia hapohapo, usiachie." Nafungua nipeli, ile bolti ndogo ya kutolea mafuta, robo mzunguko, mafuta yanatoka kwenye mpira, nafunga, ndipo namwambia aachie. Kisha tunarudia hadi mkono umuume. Alipohama nyumbani, breki zangu zikaanza kungoja likizo zake, na hilo lilinikera sana, kwa sababu mafuta ya breki hayangoji likizo ya mtu.

Hayangoji kwa sababu yananyonya unyevu. Mafuta ya viwango vya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yametengenezwa kwa glikoli, na glikoli inavuta maji kutoka hewani, polepole, hata kupitia kuta za mipira ya breki. Ukiyaona yamegeuka rangi, kutoka manjano hafifu hadi kahawia, ujue yamekaa humo muda mrefu. Rangi peke yake haikuambii yana maji kiasi gani, ila namba za kiwango zinaonyesha kwa nini maji ni tatizo. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hichohicho kinairuhusu kuchemka kuanzia nyuzi 155. Njia ninayopita kila siku ina mteremko mrefu wenye kona nyingi, na mwisho wa mteremko ule diski ya mbele huwa haishikiki. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, yanageuka mvuke. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Hapo unavuta kishikio kinazama hadi kwenye mpini, na pikipiki inaendelea na safari yake. Watengenezaji wengi wanasema mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Mimi nafuata hivyo bila kujadiliana na mtu, na nipeli za njia moja, zinazoruhusu mafuta kutoka bila kurudi, ndizo zilizonipa uwezo wa kufuata.

Ukiishika nipeli ya njia moja mkononi utaona haina tofauti kubwa na nipeli ya kawaida. Ni kabolti kenye tundu katikati, kana ncha ya koni inayoziba kwenye kalipa, na juu pana mahali pa kuchomeka mpira. Tofauti iko ndani: kuna gololi ndogo na springi inayoisukuma iketi kwenye tundu. Unapobana breki, presha ya mafuta inaisukuma gololi, mafuta yanapita. Unapoachia, springi inairudisha gololi mahali pake na njia inajifunga. Masta, yaani silinda ya juu inayosukumwa na kishikio, ikitaka kuvuta mafuta mengine haiwezi tena kuyavuta kutoka chini, lazima iyachukue kwenye kikopo cha mafuta cha juu. Kazi yote ya mdogo wangu na spana yangu, ile ya kufunga kabla hajaachia, inafanywa na gololi.

Kuna sehemu ya pili ambayo watu huisahau, nayo ni meno. Nipeli ya kawaida ukiilegeza, hewa inaweza kupenya kandokando ya meno yake. Ndiyo maana wanaotumia pampu ya kuvuta huona viputo visivyokwisha kwenye mpira, wakadhani breki zimejaa upepo, kumbe wanavuta hewa ya nje kupitia meno ya nipeli. Nipeli za njia moja za aina ya Speed Bleeder zinakuja na gundi maalumu iliyopakwa kwenye meno. Gundi hiyo huchakaa kadiri unavyofungua na kufunga, na inapochakaa hupakwa upya. Stahlbus wao wamepita njia nyingine: sehemu ya chini unaifunga kwenye kalipa na inabaki humo moja kwa moja, unayofungua ni ya juu tu, na ina sili yake. Kwa kalipa ya aluminiamu mimi naipenda zaidi hiyo ya pili, maana meno ya aluminiamu hayapendi kusumbuliwa mara kwa mara na chuma.

Kabla ya kununua, pima. Kalipa nyingi za Nissin na Tokico zinatumia M8 × 1.25 (kipenyo na nafasi ya meno kwa milimita), nyingi za Brembo zinatumia M10 × 1.0, na zipo zinazotaka M7 × 1.0. Toa nipeli ya zamani uiweke kando ya rula, uangalie na urefu pia, kwa sababu nipeli fupi mno haitafika chini kuziba, hata kama meno yake yanakubali. Unapofunga, anza kwa vidole. Ikigoma, itoe uanze upya. Usiilazimishe kwa spana. Nipeli ina tundu katikati, kwa hiyo ni dhaifu kuliko bolti ya ukubwa uleule, na ikikatikia ndani ya kalipa una kazi ya siku nzima. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye namba sahihi ya nguvu ya kukaza. Ni namba ndogo, aghalabu chini ya Nm 10, yaani spana fupi na mkono mwepesi.

Mpangilio wangu siku ya kazi uko hivi. Kwanza naosha kalipa na sehemu ya juu ya masta, maana uchafu ukianguka kwenye kikopo hautoki kirahisi. Nageuza usukani hadi kikopo kikae sawa, halafu nafunika tangi na kila chenye rangi kwa kitambaa kilicholowa maji. Mafuta haya yanakula rangi, na dawa yake ni maji mengi papo hapo. Kufuta kwa kitambaa kikavu ni kuyasambaza tu. Glovu na miwani navaa kabla sijafungua kitu. Skrubu za kifuniko cha kikopo ni laini na kichwa chake huharibika upesi, kwa hiyo natumia bisibisi inayoingia barabara, naisindikiza kwa pigo moja la nyundo ndogo, ndipo nazungusha.

Mafuta ya zamani yaliyo kwenye kikopo nayanyonya kwa bomba la sindano, nafuta tope lililotuama chini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, najaza mapya. Hatua hii inapunguza sana kazi, kwani hakuna haja ya kuyapitisha mafuta machafu kwenye mfumo mzima. Kisha nachomeka mpira unaoonyesha ndani kwenye nipeli, nauinua kidogo juu kabla ya kuushusha kwenye chupa, ili viputo vipande na kuondoka visibaki vimening'inia mlangoni. Spana ya ringi inatangulia kuwekwa kwenye nipeli kabla ya mpira. Nalegeza robo mzunguko hadi nusu, si zaidi, halafu nasimama kilipo kishikio na kuanza kubana.

Bana taratibu, achia taratibu. Masta yenye kipenyo cha milimita 14, pistoni yake ikisogea milimita 10, inasukuma kama mililita 1.5 tu, kwa hiyo usitegemee mafuta yatoke kwa kishindo. Utabana sana. Na hapa ndipo ninapoona faida kubwa ya nipeli hizi, kubwa kuliko kuokoa muda: macho yangu yako kwenye kikopo muda wote. Tulipokuwa wawili, aliyekuwa juu aliangalia kishikio, mimi wa chini niliangalia mpira, na kikopo hakikuwa na mwenyewe. Kikopo kikikauka masta inavuta hewa, na kazi yote inaanza upya. Sasa nasimama mbele yake, naona mafuta yanashuka, naongeza kabla hayajafika mstari wa chini. Mkono uleule unaobana unasikia pia mabadiliko: mwanzoni kishikio ni laini, katikati kinaruka kidogo kiputo kinapopita, mwishoni kinakuwa na uzito mmoja kuanzia juu hadi chini. Mkono wa mtu mwingine haukuweza kunisimulia hayo.

Kwa pikipiki iliyozeeka nina tahadhari moja ninayoisisitiza. Katika uendeshaji wa kawaida pistoni ya masta husafiri sehemu fupi tu ya silinda. Huko mbele, isikofika, kunaweza kuwa na kutu au uchafu. Ukibana hadi mwisho unaipeleka sili ikakwaruzike huko, na breki iliyokuwa nzima inaanza kuzama. Naweka kipande cha mbao kati ya kishikio na mpini ili kisifike mwisho. Inaongeza idadi ya kubana, lakini sili inasalimika.

Mafuta mapya yakianza kutoka na mpira hauna viputo, nafunga nipeli kwanza, ndipo natoa mpira. Kama una kalipa mbili mbele, kitabu ndicho kitakuambia uanze na ipi. Kikiwa kimya, mimi huanza na iliyo mbali zaidi na masta kwa urefu wa mpira wa breki. Kwa breki zilizounganishwa, ambapo kishikio kimoja au pedali inagusa magurudumu yote mawili, usikisie mpangilio kabisa. ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, nayo haizuii kubadilisha mafuta kwa njia hii, mradi hujaingiza hewa. Hewa ikiingia ndani ya kifaa chenyewe cha ABS, baadhi ya pikipiki zinahitaji kifaa cha uchunguzi cha kuwasha pampu yake ili itoke, na hapo nipeli nzuri kiasi gani haitasaidia.

Sasa, mambo ambayo gololi na springi haviwezi. Hewa hupanda juu. Kwenye pikipiki masta iko juu na kalipa iko chini, kwa hiyo unapobana unajaribu kukisukuma kiputo chini wakati chenyewe kinataka kupanda. Viputo vidogo hujificha kwenye bolti ya banjo pale juu, mpira unapoungana na masta, na unaweza kupitisha chupa nzima ya mafuta bila kuvigusa. Dalili yake ni kishikio kinachobaki laini ingawa mafuta ya chini yanatoka safi. Dawa yangu ni kuacha chini nikashughulike na juu: nageuza usukani ili masta iwe ndiyo sehemu ya juu kabisa, nagongagonga mpira wa breki kwa mpini wa bisibisi, halafu nabana kishikio kidogokidogo, mwanzoni tu mwa safari yake, nikitazama tundu dogo lililo chini ya kikopo. Viputo vinatoka hapo kimoja kimoja. Kifuniko nakiegesha juu, kwa sababu mafuta yanaweza kurukia macho. Kishikio kikiwa bado laini, nafunga kila kitu, nafunga kishikio kwa mkanda kikiwa kimebanwa, nakiacha hadi asubuhi. Viputo vinapanda taratibu usiku hadi kwenye masta, na asubuhi unapoachia vinatokea kwenye kikopo.

Jambo la pili linawahusu waliobadilisha mpira au kalipa, mfumo ukawa mkavu kabisa. Wengi hujaza mfumo mkavu kutoka chini kwenda juu, kwa bomba la sindano kwenye nipeli ya kalipa, ili hewa ipande ikifukuzwa na mafuta. Ni njia nzuri sana, lakini kwa nipeli ya njia moja haiwezekani: gololi inakataa kurudisha mafuta ndani. Kwa hiyo usitupe zile za kawaida ulizozitoa. Zangu nimezisafisha nikazihifadhi kwenye kifuko na vifuniko vyao vya mpira. Siku ya mfumo mkavu zinarudi kwenye kalipa, najaza kutoka chini, kisha nabadilisha tena.

Kazi ikiisha namimina maji kwenye kalipa na kila palipodondoka mafuta, nakausha, nafuta diski kwa dawa ya kusafishia breki. Pedi zikilowa mafuta nabadilisha. Sijaridhika kamwe na pedi iliyooshwa. Halafu nabana kishikio kwa nguvu, nakishikilia hivyo kwa muda, nikizungusha karatasi kavu ya tishu kwenye nipeli na kwenye kila kiungo. Karatasi ikitoka kavu, narudisha kifuniko cha mpira kwenye nipeli ili maji na vumbi visiingie kwenye gololi, kisha natembeza pikipiki kwa mwendo wa mguu nikijaribu breki ya mbele na ya nyuma kabla ya kutoka barabarani.

Mafuta yaliyotoka yanaingia kwenye chupa yenye kifuniko, na yanakwenda panapopokelewa mafuta machafu ya gereji, hayaendi mtaroni. Yaliyobaki kwenye chupa iliyofunguliwa siyaweki kwa ajili ya safari ijayo, kwani yanaendelea kunyonya unyevu yakiwa rafuni. Siku hizi nanunua chupa ndogo, inayotosha kazi moja.