Anachoamini mgonjwa wa sonona kuhusu vidonge vyake

Wagonjwa wengi wa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) ninaowaona wakiacha dawa hawaachi kwa ukaidi, bali kwa sababu matibabu tuliyowapa hayalingani na ugonjwa wanaoamini kuwa wanao.

Mama mmoja aliyerudi kliniki alinionyesha bahasha yake ya dawa, iliyoandikwa "1x1 usiku", yaani kidonge kimoja kila usiku, ambayo ilikuwa bado na zaidi ya nusu ya vidonge ilhali mwezi ulikuwa umekwisha. "Mwanangu, mimi nikizidiwa ndiyo nameza," alinieleza. "Siku nikiamka vizuri sizigusi." Kwake sonona ilikuwa ni mawazo tu, yanayokuja na kuondoka, hivyo alivitumia vidonge kama anavyotumia Panadol kichwa kinapomuuma. Nilimweleza, "Mama, hivi havitulizi siku ileile," kwa kuwa dawa kama amitriptilini na fluoksetini huhitaji kumezwa kila siku, na nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wakati kichefuchefu, usingizi au ukavu wa mdomo huweza kuja siku za mwanzo kabisa. Anayetarajia nafuu ya haraka hukutana na maudhi kwanza, na hapo ndipo tunapowapoteza wengi.

Mwaka 1999 mtafiti wa Uingereza, Rob Horne, na wenzake walichapisha dodoso linalopima imani za mgonjwa kwa pande mbili: anavyoona ulazima wa dawa, na anavyoihofia. Hofu ninayoisikia zaidi ni ya kuwa mtumwa wa vidonge maisha yote. Ninaiheshimu hofu hiyo, ingawa dawa hizi hazileti uraibu. Zinachohitaji ni kuendelea kwa kawaida angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu, ili ugonjwa usirudi.

Anayeamini ametupiwa jini simkatazi kisomo wala maombi, maana nikimlazimisha achague, mara nyingi kliniki ndiyo huachwa. Ninachosisitiza, na ninawaomba masheikh na wachungaji watusaidie kukisema, ni kwamba asiache vidonge ghafla kama ushahidi wa imani yake: kuacha ghafla huweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi, mambo ambayo familia huyachukulia kwa urahisi kuwa jini limerudi. Anayetaka kuacha na aje aseme, tumpunguzie dozi kidogo kidogo.