Samli ya Ba

Katika nyumba ile palikuwa na samli mbili, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Ya mama wa rafiki yangu ilitokana na utando wa maziwa. Kila siku aliyachemsha, akayaacha yapoe, akaengua utando mnene wa juu na kuuweka kwenye bakuli ndani ya friji. Bakuli likijaa, alivimimina vyote kwenye blenda pamoja na maji ya barafu, siagi ikajitenga, akaipika kwenye gesi huku akifuatilia tamthilia. Kazi ya saa moja. Ya Ba, bibi mzaa baba wa rafiki yangu, ilianza jioni na kumalizika mchana wa pili yake, na kwenye jiko la gesi haikufika kabisa.

“Ile ya kwake ni mafuta ya maziwa tu,” Ba aliniambia siku niliyofika, akiashiria jikoni kwa kidevu. “Samli nitakuonesha mimi.” Aliyasema hayo kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, huku mkamwana wake amesimama hatua mbili kutoka pale akikata bamia. Hakuna mwingine nyumbani mle aliyekijua Kiswahili. Nadhani ndiyo sababu alinipenda upesi hivyo: miaka mingi alikuwa na maneno ya kusema na hana wa kumwambia.

Ilikuwa Desemba 2011. Nilikuwa nasoma Ahmedabad, India, na likizo ilipofika rafiki yangu wa darasani alikataa katakata nibaki bwenini peke yangu. Tukapanda treni ya usiku mpaka Bhuj, kisha basi la kilomita sitini hivi kwenda Mandvi, mji wa bandari wa Kutch ambako mafundi bado wanaunda majahazi ya mbao kandokando ya mto Rukmavati. Nilitaka kusimama niyatazame yale mataruma yaliyokuwa wazi, lakini mwenzangu alinivuta mkono. Bibi yake alishapiga simu mara kadhaa kuuliza “yule Mswahili” amefika wapi.

Nilimsalimu kwa namna ya wenyeji, viganja pamoja kifuani. Akanitazama juu mpaka chini.

“Kwenu watu wazima hawaamkiwi?”

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Wa wapi wewe?”

“Musoma.”

“Aa! Kwa wenye samli.”

Ba alizaliwa Unguja, mtaa wa Kiponda, baba yake akiwa na duka. Samli ya nyumbani kwao ilinunuliwa kwa debe, ikitoka Bara, na kwa maneno yake ilinuka moshi. Mama yake alikuwa akiiyeyusha upya na kutumbukiza jani la tambuu ili harufu ipungue. Hilo la moshi halikunishangaza. Bibi yangu mimi alikifukiza kibuyu chake kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa, na samli iliyozidi matumizi aliwauzia Wahindi wenye maduka pale mjini. Huenda ilifika Kiponda, huenda haikufika. Ba hakuwa na shaka hata kidogo. Alikuwa amekula samli ya bibi yangu, na ilikuwa na kasoro, na sasa mjukuu ameletwa afundishwe. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, yeye na mumewe walirudi Kutch, nchi ambayo mpaka wakati huo aliijua kwa hadithi tu.

Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wao, wa aina ya Kankrej, kijivu, mwenye pembe ndefu zilizopinda, na mengine yaliongezwa na jirani. Ndama aliachiwa chuchu mbili kati ya nne, na Ba alisimama zizini kuhakikisha. Palikuwa pia na nyati wa kufugwa. Maziwa ya nyati yana mafuta karibu mara mbili ya ya ng'ombe, na baba wa rafiki yangu, mtu wa hesabu, haelewi hadi leo kwa nini mama yake hayapekechi hayo. Samli ya nyati hutoka nyeupe, ya ng'ombe hutoka ya manjano, na Ba aliitaka ya manjano kwa ajili ya taa ya ibada na kwa ajili ya watoto. Ya nyati, alisema, ni ya wenye kupiga mieleka. Baba huyohuyo alinisimulia habari za wafugaji wa Banni, kaskazini ya Bhuj, ambao nyati wao huchunga usiku na kurudi alfajiri kukamuliwa. Zamani wazee wa kule waliona aibu kuuza maziwa. Maziwa ni ya ndama, ya mgeni na ya nyumba. Kilichouzwa ni samli. Magari ya viwanda vya maziwa yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kuzoeleka huko.

Jioni yalichemshwa kiasi cha lita kumi. Yalipopoa, Ba alitumbukiza kidole kidogo akakiacha humo, macho yake yakiwa kwangu, kisha akasema bado. Akarudia. Akasema bado. Mara ya mwisho hakusema kitu, akachukua kijiko cha mtindi wa jana, akaukoroga pembeni na maziwa kidogo na kuurudisha wote kwenye mtungi. Usiku wa Desemba kule Kutch una baridi ya kuuma, na mtindi haupendi baridi. Kwa hiyo mtungi ulivikwa blanketi na kuwekwa karibu na majivu ya moto. Blanketi lilikuwa la kwangu. Ba aliamua kwamba kijana anaweza kuvumilia, mtindi hauwezi.

Aliniamsha kukiwa bado giza. Uani palikuwa na nguzo fupi iliyochimbiwa chini, na mbele yake mtungi ukiwa umekaa juu ya pete ya majani. Upekecho wao, ravaiyo, ni mti mrefu wenye mabawa ya mbao yaliyopishana upande wa chini. Juu hushikwa na vitanzi viwili vilivyofungwa kwenye nguzo ili usiyumbe. Kamba huzungushwa kwenye huo mti mara chache, ncha moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto. Ukivuta huku, mti unazunguka huku. Ukivuta kule, unarudi.

Hapa lazima niseme kwamba kwetu kusuka maziwa ni kazi ya wanawake. Mvulana akikutwa na kibuyu mapajani hatasahauliwa upesi. Rafiki yangu naye, mtoto wa nyumba ile, hakuwahi kuishika ile kamba maishani mwake. Aliketi barazani amejifunika shali, akipiga picha kwa simu na kucheka. Ba hakujali nani anacheka. Alikuwa na goti bovu na wageni wenye mikono.

“Mbona unavuta kama unapandisha tanga? Nani kakuita, una haraka ya kwenda wapi? Vuta, legeza. Vuta, legeza.”

Yeye mwenyewe alienda kukaa upande wa pili wa ua, akanipa mgongo, akaanza kupembua mchele. Mara kwa mara aliimba kwa sauti ya chini nyimbo za alfajiri za kumwamsha Krishna, yule mungu ambaye utotoni aliiba siagi kwenye vyungu vya majirani. Povu la kwanza lilipopanda, chafu chafu, nikamwambia halinipendezi. Ndipo akanisimulia, bila kugeuka, jinsi miungu na mashetani walivyoipekecha bahari ya maziwa. Mlima ulikuwa upekecho, na joka Vasuki ndiye kamba. Mashetani wakashika upande wa kichwa, miungu upande wa mkia. Wakavuta na kuvuta wakitafuta maji ya uzima, na kilichotangulia kutoka ni sumu. Mungu Shiva akainywa asije akafa kila mtu, koo lake likageuka buluu.

“Basi wewe povu dogo hilo linakutisha?”

Nikaendelea. Sauti ya mtungi ilianza ikiwa nzito, ya kitu kinachogoma. Baadaye ikawa ya majimaji. Kisha ikabadilika tena kwa namna ambayo mimi sikuisikia, lakini Ba aliisikia akiwa na mchele wake. “Sasa maji,” akasema. Maji ya vuguvugu, kwa kuwa ni baridi. Joto likiwa kali hutiwa ya baridi. Siagi ikiwa ngumu mno haishikani, ikiwa laini mno inarudi kuyeyuka ndani ya mtindi, na hakuna kipimajoto uani. Baadaye nilisoma kwamba uchachu wa mtindi hulegeza ule utando mwembamba unaozunguka kila tone la mafuta, ndiyo maana matone hugandana upesi yakipekechwa. Ba alilijua jambo hilo kwa jina lingine: aliita subira ya usiku.

Chembe za manjano zikatokea, kubwa kiasi cha punje za mtama. Nilidhani ndiyo kwanza kazi inakolea, nikaongeza kasi. Akaja akanishika kifundo cha mkono. Kutoka hapo ni polepole, zunguko fupi fupi, mpaka chembe zitafutane zenyewe. Akazikusanya kwa kiganja, tonge juu ya tonge, akaziosha kwa maji baridi akibadilisha mpaka maji yakawa maangavu. Mtindi ukibaki ndani ya siagi, alisema, utaungua chini ya sufuria na samli itabeba harufu yake.

Kulipopambazuka, majirani walishaanza kuingia na vyungu vyao. Hakuna aliyegonga mlango. Walikuja kuchukua chaas, ule mtindi mwepesi unaobaki baada ya siagi kutoka, na hakuna aliyetoa hata rupia. Chaas haiuzwi. Mama wa rafiki yangu ndiye aliyewagawia, akijua nyumba gani ina watu wangapi na nani ana mgonjwa, na nikamwona kwa mara ya kwanza anafanya kazi moja na mama mkwe wake bila maneno ya pembeni. Blenda yake haitoi chaas ya kugawa, nikawaza. Lakini blenda yake pia haimwamshi mtu usiku, na yeye ndiye aliyekuwa na watu wanane wa kuwapikia kila siku. Siko tayari kusema nani alikuwa na haki.

Kupika kulikuwa kwa Ba peke yake. Alitumia sufuria ya shaba iliyopakwa bati kwa ndani, na moto wa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa kwa mikate ya duara. Kuni zilikuwapo tele, za ule mti wa miiba ambao Wakenya wanauita mathenge na ambao Kutch umeivamia vilevile, lakini moto wake ni mkali mno kwa samli. Siagi ikayeyuka, ikachemka kwa kelele, povu jeupe likapanda. Ba akafumba macho. Ile kelele ni maji yanayotoka. Ikipungua, maji yamekaribia kwisha. Povu likatulia, chini pakaanza kuonekana masimbi, yale mashapo ya siagi, yakigeuka kutoka meupe kuwa ya hudhurungi, na harufu ikatoka ikavuka ukuta. Akatumbukiza jani moja la tambuu, kama mama yake Kiponda, ingawa hapa hapakuwa na moshi wa Bara wa kuufukuza. Akachovya vidole kwenye maji na kurusha tone. Likalia: tat! Akaepua hapohapo, kwa sababu shaba hubaki na moto wake na samli huendelea kuiva hata ikiwa chini.

Ikachujwa kwa kitambaa cha pamba mpaka kwenye barni, yale magudulia ya kauri wanayowekea achari. Lita kumi za maziwa, usiku mzima na asubuhi nzima, zilitupa samli isiyofika nusu kilo. Akakataza gudulia lisisogezwe, maana samli inayopoa taratibu bila kutikiswa huganda kwa chembechembe, na samli isiyo na chembe wao huishuku. Masimbi yaliyobaki kwenye kitambaa yalichanganywa na sukari guru, na watoto wa jirani wakapigana kwa ajili yake. Sisi tulikula rotlo, mkate mnene wa uwele, umetobolewa kwa vidole ili samli izame, na kitunguu kibichi pembeni. Nilikula mpaka rafiki yangu akaona haya kwa niaba yangu.

Mchana nikampigia mama Musoma kwa simu ya baba mwenye nyumba. Nilimweleza yote, kamba, mlima, joka, tambuu. Alisikiliza kimya kisha akauliza, “Lita kumi? Na ndama alikula nini?”

Nikamgeukia Ba nimwulize tena habari ya zile chuchu mbili. Hakunijibu mimi, aliichukua simu.

“Shikamoo, mama,” nikasikia sauti ya mama yangu ikitoka kwa mbali.

“Marahaba, mwanangu. Ndama yuko, mnene, usimwonee huruma. Huko kwenu debe la samli siku hizi kiasi gani?”

Mama akamtajia. Ba akapiga ukelele, akaketi chini kwenye kigoda, akataka kujua na bei ya mtamba. Mkamwana wake alitoka jikoni akaja kusimama mlangoni, mikono imejaa unga, akiwa haelewi hata neno moja. Waliendelea hivyo mpaka salio likaisha, na baba wa rafiki yangu akamtuma kijana dukani kununua lingine.