Wajina wangu

Kwa majina yangu mawili, la kwangu na la baba, kuna watu wengi sana. Siyataji hapa kwa sababu si yangu peke yangu, na wenzangu sijawaomba ruhusa. Usiku huu nimekaa na kompyuta nikiwatafuta kwa makusudi, jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu mwanzo wa mwezi. Nimempata kocha wa kuogelea. Nimempata mwanasheria wa mambo ya ardhi, fundi wa kurekebisha piano, mtafiti wa magonjwa ya mihogo, na kijana mmoja anayeendesha winchi bandarini na kupiga picha za meli wakati wa mapumziko. Mimi ni mhariri wa miswada. Sijamwona mwenzetu mwingine anayefanya kazi hii, ingawa bila shaka yupo.

Nimeitazama picha ya yule wa winchi kwa muda mrefu. Amekaa juu kabisa, kibandani, mkono wa kulia ukiwa kwenye usukani mfupi, macho yameelekezwa chini kwenye kontena. Chini ya picha pameandikwa jina langu. Mimi nikipanda ngazi ndefu miguu inatetemeka, na yeye kila asubuhi anapanda huko juu, anaitwa kwa redio, anaitika. Jina ni lile lile ninaloitikia mimi.

Nadhani kinachonigusa ni hiki. Mtu hupewa jina kabla hajafanya lolote. Wanaompa wanatia humo matumaini yao, kumbukumbu ya marehemu fulani, pengine sala. Halafu maisha yanaanza, na kazi ndiyo inayolijaza lile jina kidogo kidogo, mpaka watu wakilisikia wanaona sura, wanakumbuka sauti, wanajua huyu anaaminika au haaminiki. Wajina wangu wamelijaza kwa vitu ambavyo mimi nisingeviweza. Nafurahi kweli kweli kwamba limefika huko.

Watu maarufu yamewapata haya haya, na kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1899. Winston Churchill wa Uingereza, akiwa kijana wa miaka 24, alianza kupongezwa kwa riwaya ambayo hakuiandika. Yeye mwenyewe alikuwa na riwaya yake iliyokuwa ikitoka kwa sehemu katika jarida, kwa hiyo pongezi hizo mwanzoni hazikumshangaza. Kumbe huko Marekani alikuwapo Winston Churchill mwingine, aliyemzidi umri kwa miaka mitatu. Hawakuwa ndugu, na wakati ule yule Mmarekani ndiye aliyekuwa mwandishi mwenye jina kubwa. Vitabu vyake viliuzwa sana.

Mwingereza akaandika barua, Juni 7. Ilianza kwa kusema kwamba Bwana Winston Churchill anamsalimu Bwana Winston Churchill, na anaomba kumwonyesha jambo linalowahusu wote wawili. Kisha akajitolea mwenyewe: tangu siku hiyo maandishi yake yote angeyatia saini ya Winston Spencer Churchill, ili wasomaji wasichanganyikiwe. Baada ya wiki mbili Mmarekani akajibu kwa adabu ile ile. Alishukuru, akaeleza kwamba yeye hana jina la katikati, na kwamba angekuwa nalo angelitumia.

Mwezi Desemba 1900 wakakutana Boston. Mwingereza alikuwa kwenye ziara ya mihadhara, mwenzake akamwandalia karamu. Inasimuliwa kwamba yule mgeni alimhimiza mwenyeji wake aingie kwenye siasa, maana yeye alikusudia kuwa waziri mkuu, na ingependeza sana mwenzake naye akiwa rais. Kuanzia hapo maisha yao yamefanana kwa namna inayonishangaza. Mmarekani alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la New Hampshire, mwaka 1906 akataka ugavana akashindwa. Baadaye aliacha kuandika, akageukia uchoraji wa mandhari. Mwingereza naye alichora mandhari karibu nusu ya maisha yake, akawa waziri mkuu, na mwaka 1953 akapata Tuzo ya Nobel, tena ya Fasihi. Mwandishi wa Marekani alikuwa amefariki mwaka 1947, na leo ukitaja jina lile watu wachache sana humfikiria yeye. Hilo linaniuma. Alilitengeneza jina mapema, kwa kazi halali, na halikubaki kwake.

Kitu ninachokiheshimu katika barua zile ni kwamba hakuna aliyemwambia mwenzake aondoke. Waliona kwamba tatizo lao halikuwa jina. Tatizo lilikuwa kwamba wote wawili waliandika riwaya. Francis Bacon mwanafalsafa, aliyefariki mwaka 1626, hakumsumbua Francis Bacon mchoraji aliyezaliwa mwaka 1909. Michael Jordan wa mpira wa kikapu anaishi dunia moja na Michael Jordan profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye wanaosomea mifumo ya kompyuta inayojifunza yenyewe wanamjua vizuri mno, na ukimtaja Jordan mbele ya wanafunzi wake huna haja ya kufafanua. Ila wakikutana wawili katika kazi moja, lazima wapatane.

Waigizaji wa Marekani walilifanya jambo hilo kuwa kanuni. Chama chao hakiruhusu wanachama wawili kutumia jina moja la kazi, na anayetangulia kujiandikisha ndiye anayebaki nalo. Ndiyo maana Michael Keaton, ambaye wazazi wake walimwita Michael Douglas, ilimbidi atafute jina lingine la ukoo. Michael J. Fox alikuta kuna Michael Fox tayari. Jina lake la katikati ni Andrew, lakini akachagua herufi J, kwa heshima ya mwigizaji mwingine aliyempenda. Ninaelewa kwa nini kanuni hiyo ipo, malipo ya mtu yasije yakaenda kwa mwingine. Hata hivyo naona uzito wake: kijana wa miaka 20 anaulizwa na karani, wewe sasa utaitwa nani, na jibu lake ndilo litakalobandikwa kwenye mabango maisha yake yote.

Kwenye kazi yangu suala hili ninalikuta katika orodha za marejeo. Mtafiti ameandikwa kwa jina la ukoo na herufi moja ya mwanzo, basi. Wang W. ni nani? Wako wengi, mmoja anachunguza vyuma, mwingine mimba changa, mwingine mchele. Ili kuwatenganisha, tangu mwaka 2012 upo utaratibu uitwao ORCID ambapo kila mtafiti anayejiandikisha anapewa namba ya tarakimu 16 inayomfuata maishani, hata akihama chuo, hata akiolewa na kubadili jina. Mara ya kwanza kuziona namba hizo nilisikitika kidogo, kwa kuona jina limeshindwa kazi yake. Siku hizi nazipenda. Namba inamhakikishia mtafiti mnyonge kwamba jasho lake halitahesabiwa kwa mwingine, huku jina likibaki kwa ajili ya watu wanaomwita.

Nilianza kuwatafuta wajina wangu kwa sababu ya mhandisi. Mwanzoni mwa mwezi barua pepe iliniingia ikiwa na ripoti ya uchunguzi wa udongo wa kiwanja kinachotaka kujengwa ghorofa. Iliandikwa kwa jina langu sahihi, ikaja kwenye anwani yangu sahihi, na haikuwa yangu. Kabla sijajua kinachoendelea nilikuwa nimeshafika kwenye jedwali la mashimo ya kupimia. Shimo la pili: juu kabisa kifusi, chini yake udongo wa mfinyanzi mweusi mpaka mita tatu na nusu, kisha changarawe iliyoshikana. Maelezo yalisema udongo ule mweusi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na kwamba nyufa za kuta za majirani zinatokana na huo. Mwisho wa ukurasa palikuwa na sentensi moja fupi: "Msingi upite tabaka hili."

Mimi nimeishi na sentensi miaka yote, nikikata za watu na kuzinyoosha. Ile sikuwa na la kuigusa. Nikaituma ripoti kwa wenye kampuni iliyokosea anwani, nikawaomba wamfikishie mwenyewe, na jioni ile ile mhandisi akaniandikia. "Ahsante, wajina." Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamweleza. Akasema laiti angenijua mapema, maana ripoti zake huwa anaziandika usiku na hana wa kumsomea. Tangu hapo tumekuwa tukiandikiana. Ananieleza habari za zege na maji ya chini ya ardhi, nami namwambia nimesoma nini. Tunaitana wajina, wala hatutumii jina lenyewe, na sijui kwa nini linakuwa zito kulitamka kwa mtu anayelimiliki vile vile.

Makosa ya aina hii hayaishi vizuri kila mara. Mwaka 2004 Seneta Edward Kennedy wa Marekani aliiambia kamati ya Seneti kwamba alikuwa amezuiwa mara kadhaa viwanja vya ndege kwa kuwa jina linalofanana na lake lilikuwa kwenye orodha ya washukiwa. Yeye alikuwa seneta, aliweza kumpigia simu waziri. Mwaka 2011 kulikuwa na bwana mmoja, naye huko huko Marekani, aliyekwenda kununua gari na mkewe. Taarifa ya mikopo ikasema jina lake linalingana na la watu walio kwenye orodha ya serikali ya magaidi na wauza dawa za kulevya. Kilicholinganishwa ni jina la kwanza na la mwisho tu. Tarehe ya kuzaliwa haikuangaliwa. Gari likanunuliwa kwa jina la mke. Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa ya nchi, na mwaka 2021 ikaamuliwa kwamba katika watu 8,185 waliobandikwa alama hiyo, ni 1,853 tu waliokuwa na haki ya kudai fidia kwa kosa hilo, kwa kuwa taarifa zao zilikuwa zimeshatumwa kwa wafanyabiashara. Waliobaki, 6,332, hawakuhesabiwa kuwa wamedhurika. Mimi siafiki. Mtu aliyeandikwa kwenye faili kuwa huenda ni gaidi amedhurika tayari, hata kama faili halijafunguliwa. Majaji wanne kati ya tisa nao waliukataa uamuzi ule.

Hospitali nyingi zimejifunza kuuliza vitu viwili, jina na tarehe ya kuzaliwa, kabla ya kumchoma mtu sindano au kumwekea damu. Ni swali dogo, na wagonjwa wengine huchoka kulijibu kila zamu. Naomba wasichoke.

Hapo nimekumbuka mkunga. Nimemkuta usiku huu huu, kwenye tanzia. Sikuwahi kusoma jina langu likiwa limetanguliwa na neno marehemu, na kwa sekunde chache niliacha kupumua. Kisha nikasoma yote. Alifanya kazi ya ukunga mpaka alipostaafu, na hata baada ya hapo alikuwa akiitwa usiku. Mmoja wa waliotoa salamu ameandika kwamba mikono yake ilikuwa ya moto siku zote, na kwamba jambo hilo mama mwenye uchungu halisahau. Kuna watoto, sasa ni watu wazima, walioitwa jina lake kwa kumshukuru. Kwa maana hiyo wajina wangu wameongezeka kwa sababu ya kazi yake, na baadhi yao huenda nimewaona leo nikapita bila kujua.

Huko Japani wapo waliokwenda mbali zaidi yangu. Mwaka 1994 mfanyakazi mmoja wa Tokyo aitwaye Hirokazu Tanaka aliona kwenye habari kwamba kijana aitwaye Hirokazu Tanaka amechaguliwa na timu ya besiboli ya kulipwa. Badala ya kucheka na kusahau, akaanza kuwatafuta wengine, mradi jina waliandike kwa herufi zile zile. Tarehe 29 Oktoba 2022 walikusanyika 178 katika ukumbi mmoja, mdogo wao wa miaka 3 na mkubwa wa miaka 80, wakavunja rekodi ya dunia iliyokuwa ya akina Martha Stewart 164 wa Marekani. Miezi michache baadaye akina Milica Jovanović 256 wa Serbia wakaichukua. Rekodi hainivutii sana. Ninachokitamani ni mazungumzo ya ukumbini: mtu anapojitambulisha hapo jina halisaidii chochote, kwa hiyo neno la kwanza linalomtoka lazima liwe lingine, anafanya nini, ametoka wapi, anapenda nini. Mmoja wa wenye jina hilo alitunga muziki wa baadhi ya michezo ya video ya kampuni ya Nintendo katika miaka ya 1980, muziki ambao watoto wengi duniani waliukariri bila kumjua mtunzi.

Mtafiti wa mihogo naye, nimegundua, ameanza kuandika makala za kuelimisha wakulima. Siku moja jina lake litakuwa juu ya kitabu, na langu litakuwa ukurasa wa pili wa kingine, kwenye mstari wa mhariri. Kwa hiyo kuanzia mswada ninaoumaliza wiki hii nitaongeza jina la babu katikati. Nimemweleza mhandisi, nikamuuliza kama naye angependa kufanya hivyo. Amejibu kwamba yeye hawezi, muhuri wake umesajiliwa kwa majina mawili, na majengo yote aliyoyapitisha yana muhuri huo. Basi abaki nayo mawili. Nitamwandikia mtafiti kesho.