Kifua kikinyamaza: siku moja kwenye wodi ya watoto mahututi

Saa 11:30 alfajiri, Buhongwa, Mwanza. Bodaboda wangu wa kila siku ananiuliza swali lake la kila siku: "Sista, jana walikwenda wangapi?" Mtaani wanajua nauguza watoto mahututi, na kwao wodi ile ni mlango wa kutokea tu. Namwambia jana tumewahamishia watatu wodi ya kawaida. Anacheka kama nimemtania.

Saa 1:30 tunapokeana zamu. Vitanda sita, wauguzi wawili. Kichanga wa miezi minne mwenye nimonia yuko kwenye hewa ya mapovu: mpira mmoja umeingia puani, mwingine umezama sentimita 5 kwenye chupa ya maji, na chupa inabubujika kutwa. Mapovu yakikata, unakimbia. Jirani yake ni binti wa sikoseli aliyeshikwa na kifua, anaongezewa damu. Dawa, maziwa kwa mpira, kufyonza makohozi, kugeuza, kuandika. Saa mbili na nusu zimepita hivyo.

Saa 4 na dakika chache, simu ya mapokezi: pumu, miaka minane, anapandishwa.

Alikuja mgongoni kwa mjomba wake, maana lifti ilikuwa imekufa tangu juzi. Bibi nyuma, kiatu kimoja mkononi. Wametoka upande wa Sengerema, wamevuka daraja la Kigongo–Busisi kwa gari la kukodi. Daraja lilifunguliwa 2025; miaka ya kivuko huenda wangekuwa bado kwenye foleni.

Nilimkalisha. Watoto wa pumu hatuwalazi, wanajikunja mbele wenyewe, mikono magotini. Nyama za katikati ya mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta, na jina lake alilitaja kwa pumzi mbili. Nikahesabu dakika nzima: pumzi 52. Kipimo cha kidoleni kikasoma oksijeni 84, na sisi tunataka 94 kwenda juu. Nikachukua barakoa ya oksijeni, mjomba akanidaka mkono.

"Hapana, sista. Gesi hiyo ndiyo ilimmaliza kaka yangu."

Hoja hii naisikia kila wiki na bado inanichosha. Oksijeni kwetu imepata jina baya kwa sababu watu wengi huiona mara ya kwanza siku ya mwisho ya ndugu yao. Nikamwambia, mjomba, kaka yako alikuwa ameshafika mbali, gesi ilikuja kumfukuzia. Hakutaka. Anataka dripu. Akapiga simu, akaweka spika, na mtu fulani yuko Geita akaanza kutupangia matibabu. Huyo wa Geita akauliza kama mtoto amekatwa kimeo. Bibi akasema amekatwa mwaka jana. Basi na ulimi mdogo wa watu umeondoka bure, na pumu iko palepale, kwa sababu pumu ni ya njia za hewa za ndani kabisa, zinabana, zinavimba, zinajaa ute.

Tena mjomba akatabasamu. "Sikiliza mwenyewe. Filimbi imekwisha. Kifua kimenyamaza, anapata nafuu."

Nikaweka kipimo cha kusikilizia kifua kulia, kimya. Kushoto, kimya. Filimbi ya pumu ni sauti ya hewa inayojipenyeza mahali pembamba. Ikinyamaza huku mtoto bado anahangaika, ujue hata ile kidogo haipiti. Hapo upole uliniishia. Nilipaza sauti, sikatai. Lakini aliyemaliza shauri ni bibi: alisema maneno kama manne ya Kisukuma, mimi Mhaya sikuambulia hata moja, na mjomba akauachia mkono wangu.

Baada ya hapo saa sikuitazama tena. Salbutamoli na ipratropiamu, dawa za kufungua njia za hewa, kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, kila dakika 20, raundi tatu. Haidrokotisoni ya mshipa, ya kushusha uvimbe. Hakuna mabadiliko. Daktari akasema magneziamu, na kabati letu halina. Nikashuka ngazi mbio mpaka kwa wakunga, maana ndiyo dawa yao ya kifafa cha mimba, nikapanda nayo magoti yakilia. Kilo 22, miligramu 1,100, zikachanganywa zikaingia taratibu kwa dakika 20, na mimi napima presha kila mara. Daktari alikuwa amesimama kichwani na mpira wa kuingiza kooni, akiomba asiutumie. Mapafu ya pumu yamejaa hewa iliyokwama. Ukiyasukumia nyingine kwa mashine, yanaweza kupasuka.

Dripu ilikuwa ukingoni nilipoweka tena kipimo. Filimbi! Nyembamba, upande wa kulia, halafu na kushoto. Sijui nimwelezeje mtu wa nje raha ya kusikia kifua cha mtoto kikilia.

Mjomba alirudi na lalamiko jipya: mtoto mikono inatetemeka. Ni salbutamoli, mjomba, itapita. Chai yangu niliinywa imepoa, sijui saa kumi, sijui kumi na moja.

Bibi anabanika samaki, na mtoto analala chumba kilekile chenye moshi. Sikumgombeza; samaki ndio ada ya shule. Tulikubaliana tanuri lihamie nyuma ya nyumba, na mtoto alale kwa mjomba. Kuhusu pampu ya kuvuta dawa ya pumu ilikuwa ngumu zaidi. Waliwahi kuandikiwa, hawakununua, kwa kuwa waliambiwa akianza haachi. Nikawaeleza: ya kufungua ni ya siku anabanwa, ya kuzuia ni ya kila siku hata akiwa anacheza mpira. Na haipulizwi mdomoni hivihivi, inapita kwenye chombo cha plastiki kinachoishika dawa mpaka mtoto aivute. Kama chombo hakipatikani, chupa ya plastiki ya nusu lita inatosha, kitako kikitobolewa kwa umbo la mdomo wa pampu na kuzibwa kisivuje. Watafiti wa Cape Town walishaijaribu na kuandika mwaka 1999. Nikamtuma mjomba chupa. Akaleta ya soda, ndogo, ameinywa njiani. Nikamrudisha. Ngazi zilezile. Sitasema sikufurahi kidogo.

Usiku nikamkabidhi kwa mwenzangu: kitanda namba 5, pumzi 34, oksijeni 95 kwa mipira ya puani, anaongea sentensi nzima. Sentensi yenyewe alikuwa anamuuliza mjomba kwa nini soda amekunywa peke yake.