Ninavyosoma mauzo ya mkupuo kwenye hisa za teknolojia

Muamala mkubwa, yaani mkupuo wa hisa nyingi zinazouzwa kwa mara moja, ukitokea kwenye hisa ya kampuni ya teknolojia, kitu cha kwanza ninachotazama ni saa. Masoko ya New York hufungwa saa tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki, saa sita majira ya baridi yakiingia kule, na pale mwishoni hufanyika mnada wa kufunga siku, ambamo mifuko ya uwekezaji inayofuata fahirisi (orodha ya kampuni inayotumika kupima soko) hununua na kuuza kwa wingi. Ijumaa ya tarehe 18 Desemba 2020, Tesla ikiwa mlangoni mwa fahirisi ya kampuni kubwa za Marekani iitwayo S&P 500, ziliuzwa hisa zake zaidi ya milioni 200. Mifuko ile haikuwa na maoni yoyote juu ya magari ya umeme. Ilibidi inunue kwa sababu fahirisi imebadilika. Jumatatu hisa ikashuka zaidi ya asilimia 6. Miamala ya aina hiyo naiandika daftarini na kuiacha ipite.

Inayobaki ndiyo yenye kazi. Kila hisa iliyouzwa kuna aliyeinunua, kwa hiyo ukubwa peke yake hauniambii bei inaelekea wapi. Ninachotafuta ni kama muuzaji ameamua kuuza au amebanwa, na tofauti hiyo niliielewa kwa kupitia tena na tena mauzo mawili ya mwaka 2021.

Archegos ilikuwa kampuni ya mwekezaji Bill Hwang ya kusimamia mali yake. Ilijilimbikizia hisa chache mno kwa fedha za benki kadhaa, na hakuna benki iliyojua jumla ya alichokopeshwa. ViacomCBS, kampuni ya televisheni iliyokuwa mojawapo ya hizo, ilipotangaza kuuza hisa mpya, bei yake ikaporomoka, benki zikadai dhamana zaidi, fedha hazikuwepo. Ijumaa tarehe 26 Machi benki zikaanza kumwaga hisa kwa mafungu ya mabilioni ya dola: Baidu, Tencent Music, Vipshop, ViacomCBS, Discovery. Hizi mbili za mwisho zilipoteza karibu asilimia 27 kila moja siku hiyo hiyo. Nikitazama chati zile, kinachonishika ni kwamba kampuni zenyewe hazina undugu. Baidu inaendesha utafutaji wa mtandaoni China, Discovery wakati huo ilikuwa ya vipindi vya televisheni Marekani. Kilichoziunganisha ni mwekezaji mmoja. Tangu hapo, nikiona hisa zisizohusiana zinaanguka pamoja kwa mafungu makubwa, sitafuti habari mbaya za kampuni moja moja. Nauliza ni nani anayedaiwa. Na sinunui siku hiyo, hata bei ikivutia vipi, maana aliyebanwa anaweza kuwa na mafungu mengine. Credit Suisse, benki ya Uswisi iliyokuwa mojawapo ya waliomkopesha na iliyochelewa kutoka, ilipata hasara ya takriban dola bilioni 5.5.

Kama wiki mbili baadaye Prosus, kampuni tanzu ya Naspers ya Afrika Kusini, iliuza asilimia 2 ya Tencent, kampuni ya teknolojia ya China, kwa dola za Hong Kong 595 kwa hisa, punguzo la asilimia 5 na ushee chini ya bei ya soko. Hapa muuzaji alijitaja, bei ikatangazwa, na akaahidi kutouza tena kwa miaka mitatu. Naspers ilitoa ahadi kama hiyo mwaka 2018 ilipouza kwa 405, na iliitimiza. Punguzo lile ni malipo ya kumshawishi mnunuzi abebe shehena nzima usiku mmoja, ndiyo maana siku inayofuata bei ya soko husogea kuelekea bei ya mkupuo. Mshuko huo haunitishi.

Kilichonifunza zaidi ni kilichofuata. Juni 2022, kabla ya miaka mitatu kutimia, Prosus ilitangaza kwamba itauza Tencent kidogo kidogo ili inunue hisa zake yenyewe. Uuzaji wa muda mrefu kama huo haujitokezi kama muamala mkubwa hata mmoja. Kwa hiyo siku hizi natazama pia wastani wa bei ya siku uliopimwa kwa wingi wa hisa zilizouzwa kwa kila bei: bei ikishinda chini yake siku baada ya siku bila habari yoyote, nashuku kuna mtu anauza taratibu.

Kwa mkupuo wenyewe, nachora mstari kwenye bei ambayo uliuzwa, kisha nasubiri. Bei ikikaa juu ya mstari, walionunua wana faida na hawana haraka. Ikivunja kwenda chini, wote wako kwenye hasara, na wanaweza kuwa wauzaji wanaofuata.