Nane kwa mbili, mwezi wa Ramadhani

Ami yangu ndie alonitia kwenye Arsenal, timu ya mpira ya London. Yeye ni fundi wa milango ya kuchonga, karakana yake iko Langoni hapa Lamu, na ukutani juu ya meza ya kazi alibandika picha ya Nwankwo Kanu aliikata kwenye gazeti mwaka wa 1999, baada ya ile mechi ya Chelsea ambayo Arsenal ilikua nyuma mbili bila imebaki kama robo saa mpira uishe, Kanu akatia matatu peke yake. Mimi nilikua mtoto, napeleka chakula cha mchana namkuta anasimulia lile bao la tatu, kipa ametoka, Kanu yuko pembeni kabisa karibu na mstari, na mpira bado ukaingia. Alikua akilisimulia na patasi mkononi akionyesha pale kwenye ubao mpira ulikotoka na ulikopita. Nasema haya mwanzo, kabla ya ile mechi ya 2011 tulofungwa nane na Manchester United, Man U, manake watu hutuuliza kila siku, nyinyi Lamu na London wapi na wapi. Basi kwetu ilianza hivyo, kwa Kanu, na kwa ami.

Kufika 2011 tulikua tumechoka jamani. Kombe la mwisho lilikua la FA mwaka wa 2005, tuliwatoa Man U kwa penalti, Patrick Vieira ndie alopiga ya mwisho kisha akaenda zake Juventus. Baada ya hapo kila msimu ni yale yale, timu inacheza mpira mtamu hadi Februari, ikifika Machi yaanguka. Tukaambiwa kuna uwanja mpya wa kulipia, Emirates, ulofunguliwa 2006 na uligharimu pauni milioni 390, tuwe na subira, tukawa na subira. Februari ya 2011 yenyewe tukafika fainali ya kombe la Carling na Birmingham, moja moja, dakika za mwisho kabisa Koscielny na kipa Szczesny wakategeana mpira kila mmoja adhani mwenzake ataucheza, Obafemi Martins akaukuta pale akatia kwenye nyavu tupu. Siku ile ami alikataa chakula, na shangazi akanipigia mimi simu kuuliza mumewe ana nini.

Halafu likaja dirisha la usajili, ule muda wa kuuza na kununua wachezaji. Clichy akaenda Manchester City. Fabregas, kapteni, katikati ya Agosti akarudi Barcelona. Nasri nae City, siku nne tu kabla ya mechi ya Old Trafford, uwanjani kwa Man U. Wilshere na Vermaelen majeruhi. Song, Gervinho na Frimpong wote wamefungiwa kwa kadi na ukorofi wa mechi mbili za mwanzo wa ligi. Sasa ukihesabu walobaki wakupata hofu hata mpira haujaanza. Na sisi hatukua tunataka makubwa, tulitaka beki mmoja mrefu alokomaa na kiungo mmoja wa kushika timu baada ya Fabregas, basi. Kila mtu barazani alikua ashalisema hilo, wavuvi walilisema, wachukuzi wa pale gatini walilisema, watoto wa skuli walilisema. Kufungwa mtu huzoea. Lakini uwe waiona hatari inakuja tangu Julai, waitaja kwa jina, na huna pa kupeleka hio sauti yako, hilo ndilo lilokua likituchoma.

Siku yenyewe ilikua Jumapili, tarehe 28 Agosti, Ramadhani imebaki siku moja mbili hivi. Alasiri City walikua wanacheza na Tottenham, wakawapiga tano moja, Dzeko peke yake katia manne, na Nasri wetu wa juzi yumo ndani, mechi yake ya kwanza na City, anagawa pasi za mabao. Tulikua kwenye banda la mpira nyuma ya Langoni, mabati juu, makuti ubavuni, mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi 20. Kijana mmoja akaanza kumtukana Nasri, ami akamwambia muache, umefunga, na yule si wetu tena.

Nje ya mlango mwenye banda alikua na ubao mweusi wa kuandika ratiba kwa chaki. Siku ile aliandika MANU NA ARSENAL 12 JIONI, na chini yake, MAGHARIBI SAUTI INAZIMWA. Kwa saa zetu mpira unaanza saa kumi na mbili kamili na adhana ya magharibi yaingia kama dakika ishirini baadae, kwa hivyo kila mtu alikuja na chake. Mamangu alinifungia tende, sambusa na kaimati kwenye bakuli la plastiki. Watu wamekaa na tende mkononi, macho kwenye tivii, midomo imekauka, upande wa kushoto Man U, upande wa kulia sisi, hivyo ndivyo tulivyokua tukikaa siku zote.

Adhana ikaingia, sauti ikazimwa, tukafungua kwa tende na maji na hatujamaliza hata kumeza Welbeck wa Man U akapiga kichwa, moja bila. Bao bila sauti ni kitu cha ajabu, waona tu watu elfu sabini na kitu wanainuka na hapo bandani hakusikiki ila watu wakitafuna na muadhini. Tukaondoka kwenda kuswali, msikiti ni hapo hapo, baadhi ya wale wa Man U tuliongozana nao safu moja. Tuliporudi mtoto wa mwenye banda alikua amesimama mlangoni, akatupokea na habari kabla hatujavua viatu, "Mbili bila. Van Persie wetu kapewa penalti, kipa wao De Gea kaidaka, Ashley Young kawatia pale pale."

Ile penalti sikuiona na ndio iliniuma kuliko yote. Ingekua moja moja. Mpaka leo nikiikumbuka ile mechi naianza hapo, kwa kitu nilichosimuliwa mlangoni.

Rooney akatia la tatu kwa frikiki. Kabla ya haftaimu Walcott akarudisha moja, na hapo upande wetu ukafufuka, nakuapia, watu wakaanza kugawana sambusa. Ami akasema tatu moja si kitu, Kanu alikua na robo saa tu na mabao mawili nyuma, sisi tuna dakika 45. Nilimtazama nikaona anaamini, na mimi nikaamini.

Kipindi cha pili kwa muda tulikua mchezoni, halafu ndani ya dakika sita hivi mambo yakaisha. Rooney frikiki ingine, dakika ya 64. Nani, 67. Park, 70. Kila likirudiwa moja jingine lishaingia, mwenye banda mwenyewe alisimama akaenda kuangalia dishi kana kwamba tatizo liko kwake. Wale wa upande wa kushoto walikua wakihesabu kwa sauti moja, tano! sita! na mikono juu, ni haki yao, sisi nasi tungehesabu. Adhana ya isha ikaingia hapo, sauti ikazimwa tena, wazee wengine wakatoka kwenda kujiandaa na tarawehe. Msikiti wetu Ramadhani isha huwa yacheleweshwa kidogo watu wapumue na futari, ami akasema tutakaa hadi mwisho, timu yetu haiachwi dimbani peke yake. Van Persie akatia la pili letu na hakuna alosimama.

Lakini kitu kimoja ndicho kilichombadilisha ami uso, nacho ni kadi ya Jenkinson. Kijana wa miaka 19, alikua amekuja miezi michache tu kutoka Charlton, na tulikua tushasoma kwamba ni shabiki wa Arsenal tangu utoto wake. Sagna hayuko ndio akawekwa yeye, Old Trafford, mbele ya watu wale. Alipotolewa dakika ya 77 akitembea kuelekea nje ami akasema, "Huyu ni mmoja wetu. Wamemuacha peke yake." Na kweli ukitazama timu ile ilivyopangwa, Coquelin ndio mechi yake ya kwanza ya ligi, Oxlade-Chamberlain katoka benchi ndio mechi yake ya kwanza, watoto wametupwa bahari kuu. Penalti ya Rooney ikawa saba, Young akamalizia ya nane muda wa nyongeza. Nane mbili. Wakati ule hatukujua, tulikuja kusoma baadae kwamba Arsenal haikuwahi kufungwa manane tangu 1896.

Tarawehe siku ile nilisimama karibu na ami na hakuna alosema neno la mpira. Maneno yalianza barazani, baada ya kahawa. Fundi wa mashua mmoja, jirani yetu, ndie alotoa wazo la barua. Alisema tumenyamaza muda mrefu, leo tuandike, tuwaambie klabu kwamba hata huku kuna watu. Mimi nlikua nimerudi likizo kutoka chuoni Mombasa, kwa hivyo kalamu nikapewa mimi. Kukawa na mabishano ya lugha kwanza, wengine wataka Kizungu, ami asema andika Kiswahili watatafuta wa kuwasomea, tukakubaliana nitaandika Kiswahili pale kisha nitafsiri.

Mwanzo ulikua rahisi. Salamu, sisi ni mashabiki wa Arsenal wa Lamu, Kenya, tumeiona mechi, tumeumia. Beki mrefu, hilo hata halikuzozaniwa. Kiungo, sawa. Mmoja akataka tuandike kwamba kapteni hauzwi Agosti wakati ligi ishaanza, sote tukasema andika hilo, lipigie mstari. Tulipofika kwa Wenger, kocha wetu, ndipo barua ilipokwama.

Yule fundi wa mashua alisema wazi, miaka sita bila kombe, kocha aondoke, na sentensi hio isipokuwepo yeye hatatia jina lake. Vijana wengi walikua nae. Ami hakupandisha sauti, akaanza kumhesabia kwa vidole. Alikuja 1996 hakuna anaemjua. Ligi na FA mwaka mmoja, 1998. Tena 2002. Msimu mzima wa 2003 hadi 2004 hakufungwa hata mechi moja ya ligi, zikafika mechi 49. Kanu alikua ametoka kwenye upasuaji wa moyo, nani alimchukua? Lauren, Kolo Toure, Eboue, Adebayor, Song, nani aliwaamini? Fundi akamjibu, "Ami, kwa heshima yako, hayo yote nayajua na nayashukuru. Lakini mimi naongea juu ya leo. Leo tumefungwa nane." Ami akanyamaza kidogo kisha akasema leo pia ni yake, na ya jana pia ni yake, huwezi kumuandikia moja ukaacha ingine.

Wakarudi hivyo hivyo hadi daku karibu, watu wasio wa Arsenal wakaja wakakaa kusikiliza, hata mmoja wa Man U akasema kwa kweli nyinyi mwampenda mtu. Mimi nilikua upande wa ami na bado niko huko, lakini fundi hakusema uongo wowote. Nilikua nimeshika karatasi na mistari miwili mitupu katikati, na sikua tayari kuijaza kwa kauli ya mmoja wao na kumtoa mwingine.

Baadae tukasikia klabu imesema mashabiki walosafiri hadi Old Trafford watapewa tiketi ya bure ya mechi ingine ya ugenini. Ni jambo zuri na walistahiki, wale walisimama pale wakiimba hadi mwisho. Ila barazani lilitia huzuni yake, kwa sababu uchungu wetu haukua wa pesa ya kiingilio na hakuna alokua akitaka arudishiwe.

Dirisha likafungwa tarehe 31, katika siku zile zile za Idi. Mertesacker akaja, beki, urefu mita 1.98. Arteta kutoka Everton. Andre Santos, Benayoun kwa mkopo, Park Chu-young, si yule Park alotufunga. Vijana wakaja mbio karakanani na simu mkononi kumsomea ami majina, na mmoja akasema basi barua haina haja tena, walichotaka watu kishaletwa. Ami akamwambia haja iko, hawa wangeletwa Julai yule mtoto wa Charlton asingepata aliyoyapata.

Kwa hivyo tukaenda saiba, kwenye kompyuta za intaneti za kulipia, mimi, ami na fundi wa mashua. Ile mistari miwili waliijaza wenyewe wakiwa wamesimama nyuma yangu, huyu atia neno yule atoa, ikatoka hivi: wengine kati yetu wataka kocha aondoke na wengine twataka abaki, na sote ni watu wa Arsenal. Fundi akasema weka nukta hapo. Nikasoma barua yote kwa sauti, wakasikiliza hadi mwisho, nikabonyeza kutuma. Ami akalipa. Tukiwa njiani akaniuliza Swansea ni lini, nikamwambia tarehe 10 Septemba, Jumamosi, saa kumi na moja jioni, akasema basi siku hio atafunga karakana alasiri, na fundi akamwambia amuekee nafasi kwenye benchi.