Injini ya Probox, mlima wa Sachangwan na gia ya tatu

Kijana mmoja anayesafirisha viazi kutoka Molo hadi Kisumu mara mbili kwa wiki alileta gari lake, Toyota Probox ya lita 1.3, kwenye gereji tunayokutania hapa Nakuru, jirani na reli, akatuuliza swali lililotushika hadi jua likatua. Injini yake, aina ya 2NZ-FE, ilikuwa imeanza kula oili kiasi cha kuongezwa nusu lita kila anaporudi kutoka Kisumu, na kila asubuhi anapoiwasha ilitoa moshi wa buluu. Fundi alikuwa amemweleza kwamba kuifungua, kubadilisha ringi za pistoni na kuifunga tena kungemgharimu karibu sawa na kununua injini iliyotumika kutoka Japani. Kwa hiyo alitaka kujua jambo moja: akishaamua kununua, anunue ipi?

Ndugu yetu mwenye Subaru Forester yenye turbo alimwambia auze Probox yote na kutafuta gari kama lake, kwa kuwa mtu anayepanda Mau kila wiki hana budi kuwa na nguvu ya akiba. Mwalimu mstaafu ambaye ameendesha Hilux ya dizeli kwa miaka mingi alisema kwamba mzigo ni wa dizeli, na kwamba kubeba viazi kwa injini ya petroli ya lita 1.3 ni kuitesa. Mimi nilishikilia kwamba anunue 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyo nzima, na pesa zinazobaki azitumie kwenye klachi na breki. Bado nashikilia hivyo, na ningependa kueleza sababu zangu kwa utulivu ambao gereji haikuniruhusu.

Injini hizi mbili ni za ukoo mmoja. Silinda zote zina kipenyo cha milimita 75, lakini pistoni ya 2NZ husafiri milimita 73.5 kutoka chini hadi juu, ilhali ya 1NZ husafiri milimita 84.7. Tofauti hiyo ya sentimita moja na kidogo ndiyo inayozaa lita 1.5 badala ya 1.3, na ndiyo inayoipa 1NZ uvutaji mzuri zaidi gari likiwa na mzigo. Kwa kuwa umbo la nje halitofautiani sana, injini hukaa mahali pale pale na kufungwa kwenye gia boksi ile ile, mradi mnunuzi aichukue pamoja na kompyuta yake na nyaya zake. Zote mbili hutumia cheni ya taimingi, ile inayolinganisha mwendo wa valvu na wa pistoni, si mkanda. Kwa mtu anayeishi kwa gari lake hilo si jambo dogo, kwa sababu mkanda wa EJ20, injini ya Forester, unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hukutana na pistoni na hasara yake haisemeki. Nilimkumbusha pia kwamba namba ya injini mpya lazima iandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa maana siku ya kuuza gari, namba isiyolingana na kitabu cha gari humfukuza mnunuzi mwaminifu.

Hata hivyo, hoja yangu kubwa ilihusu mlima. Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda magharibi inapanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo tu. Inapopungua, mafuta yanayoweza kuchomwa vizuri hupungua pia, na kwa kila mita 1,000 za mwinuko injini hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Maana yake ni kwamba 1NZ iliyotoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi zipatazo 109 hufika Mau Summit ikiwa imebaki na robo tatu tu, yaani inavuta kama injini ya lita 1.1, na ile ya lita 1.3 inavuta kama isiyofika lita moja. Mtu aliyejifunza udereva Mombasa akapewa gari hilo hilo huku kwetu atadhani lina ugonjwa.

Hapa ndipo ndugu yetu wa Forester alipokuwa na haki, na nilimpa haki yake. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa ndani ya silinda, kwa hiyo hurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko umekichukua. Gari lake linapanda Sachangwan kana kwamba hakuna mlima, na mkoromo ule ambao vijana wa Nakuru huutambua kabla hawajaliona gari, unaotokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, haupungui hata kidogo. Lakini turbo inataka oili safi inayobadilishwa kwa wakati, inataka dereva asiyezima injini ghafla baada ya kupanda mlima, na inakunywa mafuta kwa kiwango ambacho faida ya gunia la viazi haiwezi kukilipia, hasa tunapoishi tukisubiri bei mpya ya mafuta kutoka EPRA, mamlaka ya kawi, kila tarehe 14 ya mwezi.

Hoja ya dizeli ilinipa kazi zaidi kwa sababu mwalimu anajua anachokisema. Injini yake ya 3L, yenye sentimita za ujazo 2,779 na isiyo na turbo, haina haja ya kuzungushwa kwa kasi ili ivute, na imemtumikia kwa uaminifu. Hata hivyo, dizeli isiyo na turbo nayo huikosa hewa ile ile. Pampu inaendelea kutoa mafuta kana kwamba iko Mombasa, hewa ya kuyachoma haitoshi, na matokeo yake ni moshi mweusi unaotuandama sisi tunaomfuata mlimani. Isitoshe, kijana alikuwa akitafuta injini ya kuingia ndani ya Probox, hakuwa akitafuta pikapu.

Tulipofika hapo kijana alisema neno ambalo kwangu lilikuwa kiini cha mjadala wote: "Wazee, mimi hupanda Sachangwan kwa gia ya nne hadi gari linapokaribia kuzima, ndipo nishuke hadi ya pili. Nikipangua mapema injini inalia sana, naona kama naiua." Nilimwomba Jumanne iliyofuata tupakie viazi vyake kwenye Probox yangu ya 1NZ, aendeshe yeye, nami nikae kando.

Tulipakia kilo 400 huko Molo, uzito ambao gari hilo lilitengenezwa kuubeba pamoja na watu wawili, tukarudi hadi Salgaa kwa makusudi ili tuanze mlima kutoka chini. Kwa kawaida yake alibaki gia ya nne huku kasi ikishuka, injini ikaanza kutetemeka, na kwa mbali nikasikia ule mlio mwepesi wa kugongagonga wa petroli inayowaka kabla ya wakati wake. Huko ndiko kuiua injini. Kwenye mizunguko 1,500, pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi chini, kila mlipuko huigandamiza pistoni na beringi za krenki kwa muda mrefu, pampu ya maji inazunguka polepole, na joto halina pa kwenda. 1NZ huvuta vizuri kabisa ikiwa imepita mizunguko 4,000 kwa dakika. Nilimwomba apangue hadi ya tatu tukiwa bado kwenye kilomita 70 kwa saa, ambapo, kwa hesabu ya meno ya gia, injini huzunguka kiasi cha mara 3,500. Ilipaza sauti, naam, lakini ilikuwa sauti nyororo isiyo na mtetemo, kasi haikushuka tena, na mshale wa joto haukusogea hadi tulipofika juu. Probox yangu haina saa ya mizunguko; nimeyajua hayo kwa sikio, na kijana naye aliyasikia kabla hatujafika Mau Summit.

Aliyenifundisha mimi kusikiliza hivyo ni mzee aliyeendesha matatu ya Peugeot 504 kati ya Nakuru na Kisumu, enzi ambazo gia ilikuwa kwenye usukani na watu walikaa wakiwa wamebanana nyuma. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na mzee aliliheshimu kama mtu. Alikuwa akisema, "Kijana, mlima usikukute ukitafuta gia." Alipangua kabla ya mlima kuanza, wakati gari bado lina mwendo, na hakuwahi kuuacha mkono wake juu ya kigingi cha gia baada ya kubadilisha, kwa kuwa uzito wa mkono huusukuma uma wa ndani ukasagike bila sababu. Mguu wake nao haukulala juu ya klachi.

Kushuka ndiko kunakonihangaisha zaidi kuliko kupanda. Kutoka Kericho, iliyo karibu na mita 2,000, hadi Ahero kwenye uwanda wa mpunga wa Nyando, barabara inashuka zaidi ya mita 800. Gari lenye uzito wa kilo 1,600 likishuka kiasi hicho hubeba nishati inayoweza kuchemsha karibu mitungi miwili ya maji ya lita 20. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na magurudumu. Inayobaki lazima iishie ama kwenye breki ama kwenye injini. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa yamezeeka na kunyonya unyevu huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi, na yakichemka yanazaa mvuke, pedali inazama, na dereva anabaki akikanyaga hewa.

Kijana alikuwa na mazoea ya kutia nyutro mteremkoni ili aokoe mafuta, mazoea ambayo ameyarithi kwa madereva wa lori na ambayo kwenye injini za kabureta yalikuwa na mantiki fulani. Kwenye injini ya kisasa hayana faida yoyote. Gari likishuka ndani ya gia, bila mguu kwenye pedali ya mafuta, kompyuta hufunga sindano za mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia nyutro, sindano hulazimika kufunguka tena ili injini isizime. Anayetia nyutro anachoma petroli ambayo asingeichoma, na kwa gharama hiyo anajinyima breki ya injini.

Baada ya Kapsoit mvua ilianza, na hapo nikamwonyesha jinsi ya kupangua bila kulishtua gari. Kutoka gia ya nne hadi ya tatu kwa kilomita 60 kwa saa, injini inapaswa kupanda kutoka mizunguko 2,200 hivi hadi 3,000. Ukikanyaga klachi, ukahamisha gia na kuiachia bila kuipa mafuta, magurudumu ndiyo yanayolazimika kuivuta injini ipande, na mvuto huo wa ghafla unatosha kuyatelezesha kwenye lami yenye maji. Nalijua hilo vizuri. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kona ya barabara hiyo hiyo, niliangusha gia ya pili kwenye pikapu tupu nikaachia klachi kwa pupa, nyuma ya gari ikaja mbele, na lori lililokuwa likipanda likanipita kwa nafasi ambayo sipendi kuikumbuka. Dawa yake ni kugusa pedali ya mafuta kidogo klachi ikiwa chini, kusikia injini ikipanda, kuingiza gia na kuachia. Mwalimu wetu husisitiza klachi ikanyagwe mara mbili, mara moja kutoka kwenye gia na mara moja kuingia, kama alivyofundishwa kwenye Land Rover za zamani ambazo gia za chini hazikuwa na ringi za kulinganisha mizunguko. Kwenye gia boksi iliyo na ringi hizo, kugusa mafuta mara moja kunatosha. Kukanyaga mara mbili nakuhifadhi kwa gia ya pili iliyochakaa, ile inayokataa kuingia asubuhi ya baridi.

Kijana alikosea mara tatu, na mara ya nne gari likapokea gia bila kichwa changu kutikisika. Tulipofika soko la Kibuye alishuka, akainama kando ya gurudumu la mbele na kunusa. Hapakuwa na harufu ya breki.

Alinunua 1NZ wiki hiyo, ikafungwa kwa siku mbili, na fundi anasema mgandamizo wa silinda zote nne unalingana. Ndugu yetu wa Forester ameahidi kuandamana naye hadi Kisumu mwezi ujao, magari yote mawili yakijazwa kwenye pampu moja, ili lita zihesabiwe mbele ya mashahidi. Kinachonisumbua kwa sasa ni klachi: kijana ameibakiza ile ya zamani ili kupunguza gharama, na kwa mzigo wa kilo 400 na injini yenye uvutaji zaidi, nimemsihi aibadilishe kabla ya mvua za Aprili.